Mgeni Aje, Nani Apone?

Wahenga walisema mgeni aje, mwenyeji apone. Kauli hii tumeizoea mno hata hatuiulizi maswali. Tunaitamka mlangoni, tunamkaribisha mtu jamvini, tunamtilia maji ya kunawa, na tunaamini kuwa kuja kwake ni heri. Lakini tuzingatie kwamba wahenga hawakusema mwenyeji ale, wala hawakusema mwenyeji atajirike. Walisema apone, na anayepona ni yule aliyekuwa na maradhi. Kwa hiyo ndani ya methali hii mna dai zito, kwamba kila nyumba ina uchungu wake, na kwamba jicho la mtu wa nje lina dawa ndani yake. Je, dai hili ni la kweli? Na linabaki kuwa la kweli pale ambapo mgeni amelipa kiingilio, na mwenyeji amemwekea mtembezaji wa kumsimulia uchungu huo kwa saa moja, kisha akamsindikiza hadi dukani kwenye vinyago?

Swali hili linaweza kuulizwa katika miji mingi ya pwani za Afrika, ya kwetu ikiwamo. Mimi nitalipeleka Elmina, mji wa wavuvi katika pwani ya Ghana, kiasi cha kilomita 12 magharibi ya Cape Coast, kwa sababu pale limekwishaulizwa kwa zaidi ya miaka 500.

Anayefika Elmina huviona vitu viwili kwa pamoja. Kimoja ni ngome kubwa nyeupe juu ya mwamba wa rasi. Cha pili ni diko. Mkono wa maji wa Benya unaingia kati ya mji na ngome, na ndani yake imesongamana mitumbwi mirefu iliyochongwa katika magogo makubwa ya msituni, ikaongezewa mbao ubavuni, ikapakwa rangi na kupambwa kwa bendera na maneno ya dua. Wanaume wanashusha samaki na kushona nyavu. Wanawake ndio wenye soko. Wao hupokea samaki, hupanga bei, hukausha kwa moshi katika matanuri ya udongo, na aghalabu ndio wanaotoa fedha za mafuta ya mashine kabla chombo hakijatoka. Siku ya Jumanne hapana anayekwenda baharini, kwani ni siku ya bahari yenyewe kupumzika, kama baadhi ya wavuvi wetu wanavyoiheshimu Ijumaa. Na kila mwaka, Jumanne ya kwanza ya mwezi wa Julai, hufanyika sikukuu ya Bakatue, ambapo wavu hutupwa mara tatu katika maji ya Benya kuashiria kwamba uvuvi umefunguliwa. Mtu wa visiwani hahitaji kufasiriwa mambo haya. Harufu tu inamtosha.

Wageni wengi hupita katikati ya diko hili bila ya kusimama. Wamekuja kwa ajili ya ngome.

Nami nilitembezwa humo pamoja na wengine tusiojuana. Kijana aliyetuongoza alikuwa na sauti ya taratibu na Kiingereza kizuri, na kabla ya kuanza alimwuliza kila mmoja wetu anatoka wapi. Nilidhani ni adabu tu ya makaribisho. Baadaye, nilipomwona akiongoza kundi jingine, nilisikia kisa kilekile kikiwa na uzani tofauti. Mbele ya Wamarekani weusi alikaa sana katika vyumba vya chini walimofungiwa wanawake na katika uwazi mwembamba wa ukuta uitwao mlango wa kutorudi. Mbele ya wanafunzi wa Ghana alikaa sana katika chumba alichofungwa Prempeh wa Kwanza, mfalme wa Asante, mwaka 1896, kabla ya Waingereza kumpeleka Sierra Leone na kisha visiwa vya Shelisheli katika Bahari yetu ya Hindi, ambako Mwanga wa Buganda na Kabalega wa Bunyoro nao walihamishiwa, asirejee kwao hadi mwaka 1924. Hakuna aliloongopa, wala hapa wala pale. Alikuwa anampa kila mtu chakula anachokula.

Hapo ndipo mushkili unapoanza. Wako watu wanaosema kwamba huzuni inayolipiwa si huzuni, na kwamba mtu anayesimulia mateso ya wafu mara nne kwa siku kwa ujira amekuwa mchuuzi wa maiti. Rai hii ina ladha ya uchaji, lakini haisimami. Mwalimu wa chuoni hupokea ada, na aya anayoifundisha haipungui. Mwosha maiti hupewa chochote, na maiti huzikwa akiwa safi. Malenga wetu waliimba mbele ya wenye nguvu wakapewa nguo na dinari, na tungo zao tunazihifadhi hadi leo. Ujira hauharibu neno. Kijana wa Elmina ana mama wa kulisha, na kuitunza kumbukumbu ni kazi kama kazi nyingine. Lau tungetaka isimuliwe bure tu, ingesimuliwa na wenye nafasi tu, na wenye nafasi tunawajua wanavyosimulia.

Kinachoharibu neno ni kitu kingine, nacho ni kutaka kumridhisha anayesikiliza. Sheria yetu ya adabu ina jina zuri kwa kitu ambacho mtu amekabidhiwa akitunze kwa niaba ya mwenyewe asiyekuwapo: amana. Mwenye kuwekewa amana anaweza kulipwa kwa kuitunza. Asichoweza ni kuitoa nusu kwa sababu aliyekuja kuichukua anapenda nusu ile, au kuiongeza ili ionekane kubwa. Kisa cha wafu ni amana ya namna hiyo. Wenyewe hawapo kukidai. Hawawezi kusema umepunguza, wala hawawezi kusema umezidisha.

Mfano wa kuzidisha uko kwenye pwani hiyohiyo ya magharibi, katika kisiwa cha Gorée, Senegal. Kwa miaka mingi Nyumba ya Watumwa ya huko ilikuwa chini ya mlinzi wake mashuhuri, Boubacar Joseph Ndiaye, aliyefariki mwaka 2009. Aliwaeleza wageni kwamba mamilioni ya watu walipita katika mlango mmoja wa nyumba ile uelekeao baharini. Mandela alifika, Papa Yohane Paulo wa Pili alifika mwaka 1992, marais wa Marekani walifika, na wengi walitoka wakilia. Katika miaka ya 1990 wanahistoria, akiwamo Mmarekani Philip Curtin, walisema wazi kwamba hesabu ile haiwezekani. Watu wapatao milioni 12.5 walipakiwa katika meli kuvuka Atlantiki kutoka Afrika yote, na waliotokea Gorée walikuwa sehemu ndogo sana ya hao, wengi mno wakitokea Angola na ghuba ya Benin. Mzozo ukawa mkubwa. Wapo walioona kwamba kumsahihisha Ndiaye ni kuukana utumwa wenyewe.

Wapenzi wa ushairi huenda wakamtetea Ndiaye kwa hoja iliyo karibu na nyoyo zao. Watasema kwamba mlango mmoja ulibeba maana ya milango yote, kama beti moja inavyobeba maombolezo ya umma mzima. Ni nani amewahi kumdai mshairi hesabu? Hoja hii ni nzuri nami naikubali nusu. Mlango wa Gorée ni mfano, na mifano ni haki ya binadamu. Bila ya mfano hakuna akili inayoweza kuwaza watu milioni 12. Lakini mshairi ana uaminifu wake. Anapoanza kwa vina na mizani huwa ametangaza kuwa yeye ni mshairi, na msikilizaji amejua atie masikio ya namna gani. Mtembezaji husema, hapa, mahali hapa hasa, kwenye jiwe hili unalolikanyaga. Ametoa ushahidi. Na shahidi akizidisha, hata kwa nia njema, anamkabidhi silaha yule aliyekuwa akitafuta sababu ya kutosadiki. Waliokufa kweli ndio wanaolipia chumvi iliyotiwa katika kisa chao.

Na mfano wa kupunguza? Turudi Elmina.

Ngome ile haikujengwa kwa ajili ya watumwa. Wareno waliianza mwezi wa Januari mwaka 1482, chini ya Diogo de Azambuja, wakitafuta dhahabu, na ndiyo maana waliiita pwani ile Mina, yaani machimbo. Zaidi ya hayo, katika miongo ya mwanzo Wareno hawakuwa wakichukua watu kutoka Elmina, walikuwa wakiwaleta. Waliwanunua upande wa Benin na kuwauza Elmina kwa wafanyabiashara wa Kiafrika waliohitaji wachukuzi wa mizigo kwenda bara, wakalipwa dhahabu. Waholanzi walipoiteka ngome mwaka 1637 ndipo biashara ya kupeleka watu ng'ambo ilipokuwa kazi yake kubwa, hadi Uholanzi ilipoipiga marufuku mwaka 1814. Katika miaka yote hiyo walikuwapo watu wa mji waliouza maji, samaki na mahindi kwa ngome, waliooana na wageni wa ngome, na waliopata ushuru kwa kila msafara ulioteremka kutoka Asante. Haya ni maneno mazito kuyasema mbele ya mtu aliyevuka Atlantiki akilia. Ni mazito zaidi kuyasema ukiwa wewe ni mtoto wa mji. Kwa hiyo mara nyingi hupitwa kwa haraka, ngazi mbili mbili.

Jambo jingine hupitwa kwa sababu halionekani. Mbele ya ngome kuna uwanja mtupu. Mgeni hudhani ni uwanja tu. Pale ndipo ulipokuwa mji wa kale wa Elmina, wenye nyumba za mawe na maelfu ya wakaazi. Mwaka 1872 Waholanzi waliwakabidhi Waingereza ngome bila ya ridhaa ya wenyeji. Wenyeji walikataa, na tarehe 13 Juni 1873 Waingereza waliupiga mji mizinga wakauteketeza. Haukujengwa tena pale. Mwanaakiolojia Christopher DeCorse na wenzake wameufukua, wakatoa vigae, shanga na mifupa ya samaki.

Msomaji wa visiwani aitazame tarehe ile mara ya pili. Tarehe 5 Juni 1873, siku nane kabla, Sayyid Barghash alitia saini Unguja mkataba na Waingereza wa kulifunga soko la watumwa. Wiki moja, dola moja, bahari mbili. Katika pwani ya mashariki dola ile inakumbukwa kwa kufunga soko. Katika pwani ya magharibi imechoma mji. Mambo yote mawili ni kweli, na mtembezaji wa upande mmoja hatamwambia mgeni habari za upande wa pili, kwa kuwa hakuna aliyemwuliza.

Basi nani amwulize? Hapa ndipo ninapofika kwenye kiini cha hoja yangu. Tumezoea kumlaumu mtembezaji kwa kisa chake, ilhali kisa hutungwa na wawili. Katika miaka ya 1990 ngome za Elmina na Cape Coast zilipokarabatiwa, kulizuka mabishano makali. Wamarekani weusi wengi walisema kwamba kupaka chokaa kuta zile ni kuufuta uovu, na kuweka mkahawa ndani ya gereza ni kufuru. Wenyeji wengi waliona kwamba ngome ni yao pia, kwamba ilikuwa makao ya serikali, shule na ofisi, na kwamba rangi na mkahawa ni ajira. Mwenye kilio aliona mwenyeji hana haya. Mwenyeji aliona mgeni hana habari. Na juu ya hayo, watoto wa mitaani waliwaita wageni wale weusi oburoni, neno lao la mzungu, na mtu aliyekuja kutafuta nyumbani akajeruhiwa na mtoto asiyekusudia lolote. Mwaka 2019 Ghana ilipowaita watu wa asili ya Afrika warejee, kukumbuka miaka 400 tangu Waafrika wa mwanzo kufikishwa Virginia mwaka 1619, walikuja kwa wingi, na swali likaja nao: nani hapa ni mgonjwa, na nani tabibu?

Nadhani methali yetu imepinduliwa. Katika utalii wa namna hii, mgeni huja ili apone yeye. Hiyo si aibu. Aliyeporwa mababu zake ana haki ya kutafuta mahali pa kuweka mkono. Lakini mwenyeji naye ana maradhi, na maradhi yake hayamo katika ziara. Yamo dikoni. Katika miaka ya 2010 Elmina ilijulikana kuwa moja ya bandari kuu za biashara waliyoiita saiko. Meli kubwa za kukokota nyavu zilikuwa zikivua samaki wadogo ambao ni riziki ya mitumbwi, zikawagandisha vipande kwa vipande, kisha zikawauzia baharini watu wa mitumbwi ileile, ijapokuwa sheria za Ghana zinakataza. Mvuvi alirudi na wavu mtupu, akamkuta jirani yake akishusha samaki wa barafu. Juni 2021 Umoja wa Ulaya uliipa Ghana onyo rasmi juu ya uvuvi haramu. Tafakari basi picha ile: ndani ya ngome watu wanasikilizishwa namna wageni wenye meli kubwa walivyoshirikiana na baadhi ya wenyeji kuipora pwani, na nje ya dirisha, hatua mia chache, wanawake wamekaa mbele ya matanuri yaliyopoa.

Sisemi kwamba samaki ni sawa na watu. La hasha. Mwenye kulinganisha mambo haya mawili kwa uzito amepoteza mizani. Nasema kwamba mtu aliyefunzwa na ngome kuliona jambo moja, angepaswa akitoka aweze kuliona la pili. Ikiwa hawezi, amefunzwa kulia tu, wala hakufunzwa kuona.

Wapo walioliona hili tangu mwanzo. Wanahistoria wa kifalme wa Ureno wameandika kwamba Azambuja alipofika mwaka 1482 alimkuta mkuu wa mji wanayemwita Caramansa, akamwomba ruhusa ya kujenga. Mkuu yule, kwa mujibu wao, alijibu kwa upole kwamba afadhali meli zije na kurudi kama zamani, kwa sababu marafiki wanaoonana mara kwa mara hupendana zaidi kuliko majirani, kama bahari na mwamba zinavyogombana kwa kukaa pamoja. Mwishowe aliridhia. Kesho yake waashi wa Kireno walianza kuvunja mwamba ambao wenyeji waliuheshimu kwa ibada, mapigano yakazuka, zikatolewa zawadi, ujenzi ukaendelea, na baadhi ya nyumba za wenyeji zikabomolewa kupisha kuta. Tunayajua maneno ya Caramansa kwa kuwa yalipita katika ulimi wa mkalimani na kalamu ya mgeni. Huenda yamerembwa. Hata hivyo yamebeba hekima ambayo mwandishi wake hakuwa na sababu ya kumpa mpinzani wake bure: mgeni mwema ni yule anayejua kiasi.

Sisi wa pwani ya mashariki tukienda Elmina tunakwenda tukiwa wageni wa namna gani? Si wana wa waliopakiwa kupitia pale. Si wana wa wenye ngome. Lakini damu zetu zimechanganya waliouzwa, waliouza, na waliokuwa wakitazama tu misafara ikishuka Bagamoyo. Mtu wa namna hii ana nafasi ambayo wengine hawana: anaweza kukisikiliza kisa chote bila ya kukikata. Na akirejea kwao ana deni. Mkunazini, karibu na kanisa lililojengwa juu ya soko la zamani, wageni wetu huteremshwa katika vyumba vya chini wakaambiwa ndimo walimowekwa watumwa, na wapo wanahistoria waliohoji, wakisema jengo lile lilijengwa baada ya soko kufungwa. Tunafanya nini na hoja yao? Tukinyamaza kwa kuwa kiingilio ni kizuri, tumekuwa watu wa Gorée. Tukiipokea kwa kejeli, kana kwamba soko lenyewe halikuwapo, tumewauza wafu mara ya pili. Soko lilikuwapo, na waliouzwa walikuwapo. Kuta haziwi shahidi bora kwa kuongezewa umri.

Kwa hiyo nimhukumuje yule kijana wa Elmina? Simhukumu kwa kupanga maneno yake kulingana na wageni. Kila mwenye kusema na watu hufanya hivyo. Nitampima kwa jambo moja tu: kama, akiulizwa, atajibu. Mwishoni mwa ziara nilimwuliza nani aliwaleta mateka hadi mlangoni. Alinitazama kidogo, akasema, “Ndugu yangu, hilo watu hawaliulizi.” Kisha akalijibu, taratibu, kwa majina ya falme na ya koo, mbele ya wote, na baadhi ya waliokuwa wamelia walikasirika, na mmoja alimshukuru. Amana ilikuwa salama kwake. Ilikuwa inangoja wa kuidai.

Methali basi ina ukweli wake, kwa sharti ambalo wahenga huenda waliliona ni wazi mno hata hawakulitamka. Mgeni humponya mwenyeji kwa kuuliza yale ambayo wa ndani hawawezi kuulizana, na kwa kukaa kitako akasikia jibu, hata likiwa si lile alilolifuata. Kiingilio kinanunua nafasi ya kusimama ndani ya ngome. Hakinunui haki ya kuchagua wafu wa kuwakumbuka. Na mwenye kutaka kujua kama amekuwa mgeni mwema na apite dikoni anapotoka, amwulize mama mwenye tanuri samaki wamekuwaje mwaka huu, kisha anyamaze, amwachie aseme mpaka amalize.